Pampu Iliyofanya Kazi Kupita Kiasi

Ifrah, wiki ile niliyorudisha funguo za karakana ulinifuata nyumbani hapa Garissa ukaniomba nikuandikie kitabu cha matengenezo. Ulitaka hatua kwa hatua: pampu ikigoma, fundi aanze wapi na amalizie wapi. Nimejaribu. Nilifika ukurasa wa pili nikagundua kwamba hayo yote yamo kwenye karatasi zinazokuja ndani ya maboksi ya pampu, tena kwa lugha sita na michoro juu. Kwa hiyo nimeandika yale yasiyomo. Wape na wenzako wasome wakati mnasubiri chai, maana ninavyoijua karakana ile, chai mnaisubiri sana.

Wasionijua, mimi ni Jillo, mtoto wa wakulima wa ndizi wa Mto Tana, na maisha yangu yote ya kazi nimeyamaliza kwenye visima vya maji vya huku kaskazini mashariki. Mnajua wenyewe kwamba ukiishi na Wasomali hata mwezi mmoja, jina ulilopewa na mama yako linawekwa kando na unabandikwa lakabu. Huulizwi wala hukatai. Mimi nimebandikwa tatu. Nina wenzangu walioitwa Kiguru na Mapua mpaka wakastaafu, kwa hiyo silalamiki.

Lakabu ya kwanza ilikuwa Nafto, yaani dizeli. Niliipata Wajir, kisima cha kwanza kabisa kupangiwa, kilichokuwa nje ya mji upande wa malisho. Nilishuka kwenye pickup na sanduku jipya la spana na ovaroli iliyopigwa pasi. Ndiyo, nilipiga pasi ovaroli. Nilikuta injini kuukuu inayowashwa kwa hendeli, ngamia wengi kuliko watu wote wa kijiji chetu, na mzee mmoja mwembamba mwenye ndevu za hina. Huyo alikuwa Mzee Gedow, mwendeshaji wa injini. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, akanipa hendeli. Nilizungusha mara moja, injini ikarudisha hendeli kwa hasira, nikakaa chini kwenye dimbwi la mafuta. Wafugaji walifurahi sana siku hiyo. Ovaroli haikupigwa pasi tena, na mimi nikawa Nafto.

Mzee Gedow hakuwahi kuingia darasani, lakini kila ninachokijua kuhusu injini alinifundisha yeye. Alikuwa na kijiti cha mgunga. Ncha moja aliigusisha kwenye injini inayonguruma, ncha ya pili akaiuma, kisha akafumba macho.

"Adeer, kwa nini usisikilize kwa masikio?" nilimuuliza. Adeer ni baba mdogo au baba mkubwa, na ndivyo nilivyomwita mpaka alipofariki.

"Warya, kijana, masikio ni ya watu," akasema. "Watu nadanganya, masikio nakubali. Injini nasikia kwa meno."

Nikacheka. Kesho yake akaniambia beringi ya pampu inakaribia kufa, na siku ya tatu ikafa. Nikaanza kuuma kijiti. Bado ninacho, kiko juu ya kabati, na mke wangu amekatazwa kukiwashia jiko.

Alinifundisha mambo mawili mengine ambayo wakati huo sikuyaona kuwa ni ufundi. La kwanza lilitokana na mdomo wangu. Nilimfokea mzee mmoja mbele ya watu kwa kutawadha kwenye hori la kunyweshea mifugo. Aliondoka na ngamia wake, na kuanzia saa ile sikupata maziwa, sikupata chai, sikupata hata salamu. Siku mbili nilikuwa kama mti mkavu uliosimama kisimani. Mzee Gedow akaninunulisha sukari na majani ya chai, akanipeleka kwa yule mzee kwa miguu.

"Hii inaitwa haal," akanieleza njiani. "Umekosea mtu, wewe nabeba kitu, naenda kwake. Si faini. Si rushwa. Mkono ikiwa na kitu, mdomo nabata njia ya kusema nimekosa. Na yeye akibokea, lasima akae, akusikilise."

Yule mzee alipokea, akaketi, akanisikiliza, na jioni nilikunywa maziwa mpaka tumbo likaniuma.

La pili alinifundisha tukiwa tumekaa juu ya tangi, nami nimefurahi kuangalia ngamia wakinywa maji niliyoyavuta kwa mikono yangu mwenyewe. Akanigonga goti.

"Wewe naangalia nini? Kunywa si kitu. Kila mwenye kiu nakunywa. Angalia nakwenda aje. Mnyama akinywa halafu akienda mbio, jua huko anakoenda kuna majani. Akinywa halafu akisimama hapo hapo, huko hakuna kitu."

Nilisema haye, sawa, kisha nikarudi kuangalia maji. Fundi kijana huyo ndiye anayekuandikia.

Miaka ikaenda. Lakabu ya pili, Qorrax, yaani jua, ilikuja pamoja na paneli. Mlioingia kazini juzi hamwezi kujua furaha ile. Dizeli ilikuwa inatoka Garissa kwa lori, lori linakwama kwenye matope au kwenye mchanga, na mifugo inangoja huku ulimi nje. Halafu siku moja unaambiwa jua lile lile lililokuwa likikuchoma shingo litakuvutia maji bure, bila moshi. Nilicheka kama mtoto. Kwenye kisima kimoja upande wa Takaba tulifunga paneli, nikabonyeza swichi, maji yakaruka, nikasubiri makofi. Ngamia hawakuja. Walisimama mbali wakatutazama. Mchungaji mmoja akanieleza kwamba ngamia wale walizaliwa wakiitwa na mngurumo wa injini, na kimya kwao maana yake ni hakuna maji. Wiki nzima nikawa nawasha injini ya dizeli isiyovuta chochote, ingurume tu, ili ngamia waje wanywe maji ya jua. Ripoti iliyokwenda Nairobi ilisema dizeli imekomeshwa. Sikuandika mimi.

Sasa nifike Hara Gudud. Hilo si jina halisi la kijiji hicho, lakini kiko kwenye njia ya kwenda Hulugho, katika nchi ya ng'ombe. Mwenyekiti wa kamati ya maji pale alikuwa mwanamke, Eddo Habiba. Eddo ni shangazi, na kijiji kizima kilimwita hivyo, wakiwemo wazee waliomzidi umri. Alikuwa na ng'ombe wazuri kuliko wote, kila mmoja ana jina, na mdomo usioogopa mtu.

Siku ya kufungua kisima kipya cha jua walikuja wageni kutoka nchi tajiri kutueleza kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Mmoja wao alizungumza kwa upole kabisa kwamba kila mmoja wetu apunguze moshi. Eddo Habiba akaniinamia.

"Fundi, hao walikuja na gari gabi?"

"Manne, eddo."

"Mwambie arudi na moja. Hio ingine ni moshi yake abunguse. Sisi hapa moshi ni ya chai."

Nilitafsiri nusu tu. Hata hivyo wageni walikuwa watu wema na pampu waliyoleta ilikuwa nzuri mno. Ilianza na jua, ikalala na jua, kila siku ya Mungu, masika na kiangazi. Nilipiga video ya ng'ombe wakinywa nikaituma ofisini, na ofisini wakaituma kote. Ndani ya muda mfupi Hara Gudud ikabadilika. Mfanyabiashara wa pale, Haji Diriye, alifungua duka, kisha la pili, la mabati. Shule ikapata mabweni ya wasichana, zahanati ikapata bomba. Familia zilizokuwa zikihama na mvua zikajenga. Nikipita pale nilijisikia kama bwana harusi.

Kisha ikaja kiangazi kirefu. Mvua hizi, ambazo zamani zilijua mwezi wake, siku hizi zinakuja zikipenda, na mara mbili mfululizo hazikupenda. Eddo Habiba alinipigia simu, akasema neno moja tu: njoo. Nilibeba vipuri vyote nilivyokuwa navyo nikijua pampu imekufa. Nilipofika maji yalikuwa yanatiririka, hori limejaa hadi ukingoni, na pembeni mwa hori ng'ombe wamelala. Nilidhani wamepumzika.

Alinishika mkono akanipeleka kwa mmoja. "Gonga tumbo," akasema.

Niligonga. Ndani kulikuwa na maji yakicheza, maji matupu. Ng'ombe yule alikuwa amekufa ameshiba maji.

"Kiu hakuna," akasema Eddo Habiba. "Wallahi, maji yako ni tamu. Lakini nyasi iko wabi?"

Nilitazama huku na huku. Kwa mwendo wa nusu siku hakukuwa na unyasi. Ndipo nilipoelewa, nikashikwa na haya kuliko siku yoyote maishani. Zamani, visima vikiwa vya dizeli, mvua ikinyesha injini ilizimwa. Nani atoe fedha za dizeli na mabwawa yamejaa huko porini? Watu na mifugo waliondoka, na nyasi za kisimani zikapumzika mpaka kiangazi kiwarudishe. Hakuna aliyeliandika hilo popote, wala kuliita mpango. Ile dizeli mbaya, yenye moshi, ndiyo iliyokuwa ikitufungia mlango. Mimi nimeuondoa mlango, nimeweka jua lisilolipiwa, na ng'ombe hawakuwa na sababu ya kuondoka hata mvua iliponyesha. Walikula akiba yao yote. Mzee Gedow aliniambia niangalie mnyama anavyoondoka. Kwenye video yangu nzima hakuna ng'ombe hata mmoja anayeondoka, na mimi niliituma kote nikijisifu.

Eddo Habiba alibakiwa na ng'ombe wachache wa kuhesabika kwa vidole, na kati yao mtamba mmoja mweupe aliyemwita Addey. Aliniambia wazi: "Kiangasi kama hii ikirudi na mambo iko hivi hivi, Addey nakufa, na mimi naenda Garissa kuuza chai kwa stendi." Hakulia. Mimi ndiye niliyejifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Dawa ilijulikana na kila mtu: mvua ikinyesha, hori lifungwe. Bomba la watu, la shule na la zahanati libaki wazi mwaka mzima. La mifugo lifungwe mpaka mabwawa ya porini yakauke. Kuchora ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Tangi dogo la watu juu, bomba lake peke yake, na koki moja kubwa kwenye bomba la hori. Kukubaliana ndiko kulikoshindikana. Haji Diriye hakutaka kusikia, na alikuwa na wafuasi.

"Fundi, miaka yote sisi nalia maendeleo," alisema. "Sasa imekuja, wewe nafunga na kufuli? Mifugo ikienda, nani nanunua kwa duka? Binti yangu iko hiyo shule. Unataka sisi turudi kulala chini ya ngosi?"

Na hakuwa mjinga. Nani anayependa kulala chini ya ngozi akiwa ameshaonja mabati? Mikutano mitatu ilivunjika. Kila nikisimama kusema, mtu alinikata: wewe si ndiye uliyeleta? Sasa imekuwaje?

Basi nikakumbuka sukari ya Wajir. Nilinunua mbuzi dume wa haja, mchele, na majani ya chai, nikampakia mbuzi kwenye gari la kazi, jambo ambalo halimo kwenye kanuni za gari la kazi. Nilimshusha kwenye darasa la shule walipokuwa wameketi kwa mkutano mwingine.

"Huyu wa nini?" Haji Diriye akauliza.

"Haal," nikasema. "Nimewakosea."

"Umekosea nini? Bambu imeharibika?"

"Pampu haijaharibika, haji. Pampu inafanya kazi. Hilo ndilo kosa langu."

Halafu mzee mmoja nyuma akaanza kucheka taratibu, akafuatwa na wa pili, na ghafla darasa zima lilikuwa limeshika mbavu. Fundi wa serikali ameleta haal kwa sababu pampu inafanya kazi! Haji Diriye alifuta machozi kwa kilemba. Hata mbuzi alionekana kushangaa. Lakini walipokwisha kucheka walijikuta na tatizo, kwani haal ikishaletwa hairudishwi njiani, na wakiipokea wakae wanisikilize. Walimpokea.

Tukala, na baada ya kula nikazungumza bila kukatwa kwa mara ya kwanza. Nilisema nilivyoshikwa na haya. Nilisema sikuja kuwarudisha kwenye ngozi, na bomba la binti wa haji halitakauka hata siku moja. Nikamuuliza haji kwa heshima: kiangazi kilichopita, mifugo ilipokufa hapa mlangoni pako, ulimuuzia nani sukari? Alichokoa meno yaliyonasa nyama ya mbuzi wangu.

"Funguo iwe mbili," akasema mwishowe. "Moja ya kamati, moja ya fundi. Mtu mmoja nabembeleswa. Mimi mwenyewe nitamubembelesa."

Eddo Habiba akapiga vigelegele peke yake. Ikawa hivyo: kufuli mbili kwenye koki moja, na hakuna anayefungua bila mwenzake. Mvua ya kwanza iliponyesha niliendesha kwenye matope kutoka Garissa, tukafunga tukiwa tumelowa chapachapa, watu wanaimba, na ng'ombe wachache wanatutazama kama tumerukwa na akili. Siku ile ndipo nilipopewa lakabu ya tatu, Quful, yaani kufuli. Ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Ofisi ilinisumbua kidogo. Kwenye ile tableti ya kukagulia visima kulikuwa na majibu mawili tu: kinafanya kazi, au kimeharibika. Msimu mzima nilipigiwa simu kuulizwa kwa nini Hara Gudud hainyweshi na kama nahitaji vipuri. Ifrah, wewe ndiye uliyeongeza jibu la tatu, "kimefungwa kwa makubaliano", na nasikia vijiji vingine sasa vinaomba koki kama ile. Sijakushukuru vizuri kwa hilo. Basi nakushukuru hapa, mbele ya wasubiri chai wote.

Haji Diriye naye alinibembeleza, kama alivyoahidi. Mara mbili. Mara ya pili alikuja na asali. Nilikula asali na ufunguo nikabaki nao.

Kazi yangu ya mwisho ulikuwepo, lakini nataka kuiandika kwa sababu nadhani hukuiona. Kiangazi kilikuwa kimerudi, kikali kama kile cha kwanza. Mabwawa yamekauka, na kamati ikatuita tufungue. Usiku wa kabla sikupata usingizi, nikijiuliza itakuwaje nikikuta mchanga mtupu. Tulipofika, Eddo Habiba alikuwa amesimama kwenye koki na ufunguo wake shingoni. Nikakupa wangu, kwa kuwa kuanzia siku hiyo ulikuwa wako. Mkafungua pamoja. Maji yakaingia horini kwa kishindo, ng'ombe wakaja wakisukumana, na wewe ukatoa simu ukaanza kupiga video ya maji.

Nilikushika bega nikakugeuza upande wa pili.

"Aki mzee, huku naangalia nini?" ukalalamika. "Maji iko huku!"

Addey alikuja na ndama wake ubavuni. Alizamisha mdomo, akanywa kwa utulivu, akainua kichwa maji yakimdondoka kidevuni. Eddo Habiba hakumtazama akinywa. Alikuwa anasubiri kama mimi.

Addey akageuka. Alianza kutembea, kisha akatimka na ndama nyuma yake, akakata kona ya duka la Haji Diriye, moja kwa moja kuelekea kwenye nyasi, na hakutazama nyuma.